Kushuka Melini Genova na Mzee wa Kusaidiwa

Kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja wa Kiitaliano hapa Malindi. Ameishi mjini kwetu miaka mingi, Kiswahili chake amejifunzia sokoni, na mtaa mzima unamwita Sinyora, nami namwita hivyo hivyo. Magoti yamemchoka, presha inamsumbua, na bila mashine zake za masikio hasikii hata adhana ya msikiti ulio nyuma ya nyumba. Mwaka jana watoto wake walioko Italia walimlipia safari ya wiki moja ya meli ya watalii katika Bahari ya Mediterania. Nikalipiwa na mimi ili niwe naye, nisukume kiti chake cha magurudumu, nihesabu vidonge.

Meli za ukubwa ule hapa Malindi hatuzioni. Zikija Kenya hufunga Kilindini, na wanaoshuka ni wageni. Wenzetu waliowahi kusafiri nazo kama abiria ni wa kutafuta kwa tochi. Niliowapata walinieleza mengi ya kupanda: chakula kisichokwisha, bwawa la kuogelea juu ya sitaha, korido ndefu za kupotea. Kuhusu kushuka walisema tu, "Unashuka, basi." Asubuhi ile ya kushuka ndiyo iliyonitoa jasho kuliko safari nzima. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaotunza wazee hapa pwani, maana najua si mimi peke yangu nitakayeambiwa siku moja, "Jiandae, tunasafiri."

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, mambo ya kushuka huanza kabla hata hujapanda. Meli yetu ilitoka Genova, Italia, ikapita Marseille na Barcelona, ikavuka hadi Tunis, kisha Palermo, Napoli, na kurudi Genova. Ukiitazama ratiba harakaharaka unaona ni Ulaya tupu. Lakini Tunis iko nje ya nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo ukitoka pale unaingia Schengen mara ya pili, na viza ya kuingia mara moja haikufikishi Palermo. Omba ya kuingia mara nyingi, na ratiba ya meli yenye bandari zote uiambatishe kwenye maombi. Ukija na ya mara moja unaweza kuzuiwa Genova kwenyewe, siku ya kupanda, mbele ya mzee wako na masanduku yake. Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ada hiyo hairudi ukinyimwa. Bima ya matibabu wanayoitaka isiwe chini ya yuro 30,000. Mimi nililipiwa vyote, lakini kubalianeni na mwajiri mapema nani analipa nini, mpaka nauli ya kwenda Nairobi kutoa alama za vidole. Mambo hayo yakiachwa hewani huleta chuki ndogondogo ambazo mtazibeba mpaka melini.

Siku ya kupanda, mhudumu wa mapokezi alichukua pasipoti yangu akanipa stakabadhi. Sinyora alibaki na kitambulisho chake. Moyo ulinienda mbio. Sisi watu wa pwani tumesikia habari nyingi za wasichana walionyang'anywa pasipoti kwenye nchi za watu, na mwili unakataa kabla akili haijafikiri. Nikauliza kwa Kiitaliano changu cha Malindi, nikaambiwa kwamba abiria wa nchi zinazohitaji viza huwekewa pasipoti pamoja ili polisi wa bandari wazikague kwa mara moja, na kwamba ningerudishiwa jioni ya mwisho. Ndivyo ilivyokuwa. Ila haikuletwa chumbani. Karatasi ya ratiba ya jioni ile ilitaja mahali na saa za kuichukua, kwa maandishi madogo, chini ya tangazo la mnada wa saa za mkono. Kwa hiyo isome karatasi ya siku ya mwisho mpaka mwisho, hata kama zile za siku nyingine hukuzisoma. Na kabla pasipoti haijatoka mkononi mwako, piga picha ya ukurasa wenye sura yako na ule wa viza.

Jambo jingine nililolielewa kwa kuchelewa kidogo: katika njia hii ya Mediterania meli nyingi hupakia na kushusha abiria kila bandari. Sisi tulipanda Genova tukashukia Genova, lakini kuna waliopanda Marseille, wengine Barcelona, wengine Napoli, na kila mmoja wiki yake inaishia alikoanzia. Usiku wetu wa mwisho kwa jirani zetu ulikuwa usiku wa kawaida. Muziki ulipigwa, watu wakavaa wakacheza, hakuna aliyeonekana kufunga mzigo. Usingoje kuwaona wenzako wakihangaika ndipo ukumbuke kuwa kesho ni zamu yako. Asubuhi nayo lifti zinajaa watu wa aina mbili, wanaoshuka moja kwa moja na wanaoshuka kutembea mji, na wa pili ndio wenye haraka zaidi.

Aliyetufaa ni kijana wa kutunza vyumba, Mkenya, kwao Kisauni. Siku ya kwanza alimsikia Sinyora akinigombeza kwa Kiswahili mlangoni, akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Tangu hapo akawa anatuita mama na dada, na Sinyora akawa anamwagiza chai ya tangawizi kama yuko nyumbani. Siku moja kabla ya kushuka alituletea lebo za rangi za kufunga kwenye masanduku.

Lebo hizo zinafanya kazi hivi. Kila rangi ina saa yake ya kushuka na ukumbi wake wa kungojea. Masanduku huwekwa nje ya mlango usiku, wafanyakazi wakayakusanya, na asubuhi hushushwa kabla ya watu na kupangwa kwa rangi kwenye jengo la abiria. Ukipewa rangi isiyolingana na safari yako ya mbele, nenda mapokezi mchana wa siku ya kabla wakubadilishie. Asubuhi yenyewe hawana nafasi ya kukusikiliza. Lipo pia chaguo la kubeba mizigo yako mwenyewe na kushuka na kundi la kwanza. Kama wewe ni kijana mwenye sanduku moja la magurudumu, mimi nakushauri ufanye hivyo na utumie ngazi badala ya lifti. Kwa mwenye mzee kwenye kiti usijaribu, mikono haitoshi.

"Dada," yule kijana akaniambia, "masanduku yawe nje kabla ya saa saba usiku. Na humo usiweke kitu chochote ambacho mama atakihitaji kabla ya kesho jioni."

Kesho jioni, si kesho asubuhi. Maneno hayo ndiyo niliyopangia mzigo wote, na kama utasahau mengine niliyoandika hapa, hayo yashike. Sanduku likishatoka mlangoni huna habari nalo mpaka ulikute ng'ambo, na likikosewa sehemu au likichelewa, hujui utalipata lini. Kwa hiyo kwenye mkoba wa mkononi niliweka dawa zote, siyo za asubuhi peke yake, pamoja na karatasi ya daktari. Miwani, kitambulisho, pasipoti, tiketi za ndege, simu na waya zake. Nguo za Sinyora za asubuhi nilizitandika kwenye kiti usiku uleule pamoja na viatu, maana nilishasikia habari za watu waliofungasha viatu vyote wakabaki na ndara. Sweta, kwa sababu kumbi za meli ni baridi. Na pedi zake, ambazo wengi huona haya kuzitaja. Mzee akiwa kwenye foleni ya lifti hawezi kuomba aende maliwato ya chumba alichokwisha kukirudisha.

Niliyapanga yote hayo, halafu nikaenda kuchukua pasipoti. Sinyora ni mtu wa kufunga sanduku lake mwenyewe, hilo hakubali kusaidiwa. Niliporudi alikuwa amemaliza, amelipiga kufuli, na kijana ameshaliondoa kwa sababu Sinyora mwenyewe alimwita alichukue. Saa tano usiku alipovua mashine za masikio ili azilaze kwenye chaja, chaja haipo. Iko ndani ya sanduku, na sanduku liko matumboni mwa meli pamoja na maelfu ya mengine.

Mashine za siku hizi nyingi hazina betri za kubadilisha, huchajiwa kila usiku kama simu. Zake zilikuwa zimetumika mchana kutwa. Zilizima asubuhi tukiwa bado kwenye kifungua kinywa, na kuanzia hapo safari ikawa nyingine. Matangazo ya vipaza sauti yalitoka kwa Kiitaliano, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani, yeye hasikii hata moja. Anaona watu wanasimama, anadhani tumeitwa. Ananishika mkono, twende. Namwambia bado. Ananiuliza, "Nini?" Napaza sauti, "Bado! Hatujaitwa!" na ukumbi mzima unageuka kumwangalia msichana mweusi anayempigia kelele bibi wa watu. Mama mmoja alisogea kunikanya. Sinyora naye, asiyejua nimesema nini wala yule mama amesema nini, akanuna. Mtu asiyesikia hukasirika haraka, na ana haki. Mwishowe nilitoa kalamu nikawa namwandikia kwa herufi kubwa nyuma ya ile karatasi ya ratiba, na hali ikatulia.

Siku hizi kitu chochote cha kuchajiwa usiku nakiweka juu ya mto wa mhusika tangu mchana, kabla sanduku halijafunguliwa. Na sanduku la mwisho kufungwa liwe la mzee, na lifungwe mbele yako.

Turudi usiku ule, maana kuna mambo matatu zaidi yaliyotusaidia. La kwanza, kijana alituambia tuondoe lebo zote za kupandia zilizobaki kwenye masanduku, zile zenye namba ya chumba na bandari, ili wapakuzi wasichanganyikiwe. La pili lilitoka kichwani mwangu: nilichana ukingo wa leso kuukuu nikafunga kipande kwenye kila mpini. Masanduku meusi yakipangwa sakafuni hufanana kama kunguru wa soko la Malindi, na asubuhi nilimkuta mwanamke mmoja ameshika mpini wa sanduku la Sinyora. Alipoona leso akaliachia mwenyewe, bila maneno. La tatu ni sefu ya chumbani. Tuliitoa kila kitu tukaiacha wazi, kwa sababu kijana alisema ndiyo inayosahauliwa kuliko kabati wala droo, kwa kuwa ikifungwa huioni.

Bahashishi yake tulimpa jioni ileile, mkononi, tukaagana naye vizuri. Asubuhi humpati. Wageni wapya wanaanza kupanda mchana, na yeye ana vyumba vingi vya kutandika upya kwa saa chache. Hapo niseme pia kwamba kampuni hujikatia yenyewe ada ya huduma kila siku kwa kila abiria, kwetu ilikuwa yuro kumi na kitu kwa kichwa. Kwa watu wawili kwa wiki nzima si pesa ndogo, na wengi hawaijui mpaka waione kwenye bili. Ulizia kabla ya kukata tiketi.

Bili yenyewe niliiomba mapokezi saa nne usiku, ikachapwa, tukaisoma mstari kwa mstari. Kulikuwa na kinywaji cha friji ya chumbani ambacho hakuna kati yetu aliyekigusa. Sinyora akasema tuache, yuro chache tu. Mimi nimezoea kuulizwa hesabu ya sokoni mpaka ya kitunguu, kwa hiyo sikuacha. Walikifuta kwa dakika chache bila ubishi, kwa sababu wakati ule tulikuwa karibu peke yetu. Kesho yake asubuhi tulipita pale na foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi za ghorofa ya juu, watu wamebeba makoti na watoto, kila mmoja na kinywaji chake cha kubishania. Wanaoweka amana ya fedha taslimu badala ya kadi nao huifuata salio yao dirishani, basi hao wasilale bila kulipitia.

Alfajiri nilitoka sitahani kidogo. Ule mnara wa taa wa Genova uitwao Lanterna, wa tangu mwaka 1543, unauona kabla hujaona bandari vizuri. Una mita 77 na umesimama juu ya mwamba. Tulifunga gati la Ponte dei Mille, chini ya mji kabisa. Kilichokuwa kinanitia hofu usiku kucha ni ngazi ya kushukia. Kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na kila aliyewahi kushusha mzee kwenye boti anajua kwamba ngazi ya saa moja asubuhi siyo ngazi ya saa saba mchana. Kumbe Mediterania haina mambo hayo. Sehemu nyingi maji yake hayapandi hata nusu mita, na daraja la kushukia lilikuwa pana, limelala vizuri, kiti kikapita bila kubebwa.

Shida ni lifti. Na lifti zinajaa kwa sababu watu hawaelewi kwamba meli kufunga gati si ruhusa ya kushuka. Kwanza wakuu wa bandari waridhike na karatasi, kisha mizigo ishushwe, ndipo rangi zianze kuitwa. Ukisimama mlangoni tangu saa kumi na mbili na mkoba begani, unazuia njia na huendi popote. Chumba tulitakiwa tukiache kabla ya saa mbili, kwa hiyo tulikula mapema, mgahawa ukiwa bado na nafasi, tukaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa wanaosaidiwa.

Huo ukumbi wa wanaosaidiwa haupatikani kwa kufika tu. Msaada wa kiti cha magurudumu huandikishwa, na sisi tuliuandikisha wakati wa kukata tiketi, nikaukumbusha mapokezi katikati ya wiki. Mtumishi alikuja kwa saa iliyotajwa, akatupitisha lifti isiyo na msongamano, na alijua mlango usio na kizingiti uko wapi. Kiti tulikuwa na chetu cha kukunja. Wanaoazima cha meli hukirudisha kwenye jengo la abiria, na kutoka hapo mzee atembee au mtafute kingine.

Mlangoni mwa meli unatoa kadi ya chumba, inapitishwa kwenye mashine, inalia. Ikishalia hesabu zako na meli zimekwisha, hurudi ndani. Mzee mmoja mbele yetu alikumbuka koti lake hatua mbili baada ya mlio, akaambiwa aandikishe kama kitu kilichopotea. Simama kando kabla ya ile mashine na uhesabu: mzee, mkoba, dawa, pasipoti.

Forodha hatukuulizwa kitu, lakini tulikuwa na stakabadhi za manunuzi ya Tunis. Anayeingia kwa bahari na bidhaa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa za thamani ya yuro 430 bila ushuru. Mazulia ya Tunis huivuka haraka.

Sasa ndege. Mpwa wake Sinyora, kwa nia njema, alitukatia tiketi ya kutoka uwanja wa ndege wa Malpensa, Milano, saa nane mchana siku ileile. Nilipoiona, miezi kabla ya safari, nilikaa nikahesabu. Meli inafunga saa mbili asubuhi. Mwenye kiti akitoka saa nne ashukuru. Genova hadi Malpensa kwa gari ni saa mbili na ushei bila msongamano. Ndege ya kimataifa inataka uwe pale saa tatu kabla. Jumla yake ni saa tisa alasiri, ndege ishaondoka. Kumweleza hayo mtu anayenilipa mshahara, na ambaye amezaliwa kulekule, haikuwa rahisi. Nilimwandikia saa tu, moja chini ya nyingine, bila maneno mengi, akaelewa. Kubadilisha kulimgharimu zaidi ya yuro 100 kwa kila tiketi. Tukapata ya usiku kupitia Addis Ababa hadi Mombasa, na kwa mchana ule tukakodi chumba cha hoteli karibu na stesheni ya Piazza Principe, ambayo haiko mbali na gati. Pesa ya chumba ilimuuma mpwa, lakini Sinyora alilala, akachaji masikio, akaamka akizungumza na mimi tena.

Kuna jambo la mwili ambalo sikuambiwa na mtu. Baada ya wiki baharini, nchi kavu inayumba. Mimi niliona sakafu ya hoteli inacheza nilipokuwa naoga, na Sinyora aliposimama kwa fimbo aliegemea ukuta akasema bahari imetufuata. Kwa wengi huisha kwa siku moja au mbili, ikizidi sana ni ya kumwona daktari. Kwa mzee siku hiyo ya kwanza ndiyo ya kuanguka, kwa hiyo hata kama anaweza kutembea, mweke kwenye kiti mpaka ndani ya ndege, akatae asikatae.

Tulipokwisha kufika Malindi, benki ilimtumia Sinyora taarifa yenye pesa za meli zilizoandikwa mara mbili. Mwanawe akapandisha hasira, akataka kuipigia kampuni. Nikamtumia picha ya ile bili iliyochapwa saa nne usiku. Kumbe moja ilikuwa bili, na nyingine ni kiasi ambacho meli hukishikilia kwenye kadi tangu mwanzo kama dhamana. Benki ilieleza kwamba kingeachiliwa chenyewe, na kiliachiliwa. Anayetumia kadi ya debiti ya benki ya Kenya alifikirie hilo kabla ya kuikabidhi kadi yake melini, kwa sababu pesa zilizoshikiliwa huwezi kuzigusa kwa siku kadhaa, na ukitua Mombasa bado kuna gari la kilomita 120 hadi Malindi la kulipia.